Mfalme Aliyekufa Mara Tatu

Wako wanaosema nchi ya Sijilia haipo. Hao ni watu ambao hawajawahi kusimama langoni mwake wakaulizwa lile swali la kwanza, ambalo si "Watoka wapi?" wala "Umebeba nini?" bali ni hili: "Mwaka huu, ulimwenguni kumetukia nini?"

Ngwali aliulizwa hivyo mchana wa jua kali, katika mwaka ule ambao bahari ya kaskazini iliganda ikawa kama sinia, watu wakaivuka na ng'ombe wao. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Mkononi alikuwa na fimbo ya mpingo, na kichwani tungo mia nne, alizojifunza kuzitunga peke yake bila kukaa miguuni pa mwalimu yeyote, jambo ambalo hakuna aliyekutana naye njiani akaachwa asilijue. Alikuwa ametembea miezi kumi na mmoja kuifikia Sijilia kwa sababu moja: alisikia kwamba kinachoandikwa huko hakifi.

Karani wa lango, mtu mnene aliyeitwa Shambe, mwenye wino hadi kwenye ndewe za masikio, alimweleza sheria kama mtu anayesoma bei za chumvi. Sijilia hutenga ngozi moja ya mbuzi kwa kila mwaka. Yaliyoenea kwenye ngozi ndiyo yaliyotukia. Yasiyoenea hayakutukia. Na kwa kuwa ngozi ni fupi na dunia ni pana, wageni huombwa kuleta mambo makubwa tu: wafalme, vita, nyota.

"Kila mgeni ana mstari mmoja, ndugu yangu," alisema Shambe. "Ukishautumia, umekwisha. Basi, umeleta nini?"

"Nimeleta jambo nitakalolisema mwenyewe mbele ya Baraza. Kwa tungo."

"Mstari ni mmoja tu, lakini."

"Mmoja unanitosha. Ni wangapi waliopita hapa wakaweza kusema hivyo?"

Shambe hakucheka wala hakukasirika. Alichovya kalamu. "Jina na cheo."

"Ngwali wa Ukunguni. Cheo, andika mfalme wa tungo."

Shambe akaandika *mfalme* bila kuinua macho. Ngwali aliyekuwa amejiandaa kubishana alibaki na maneno mdomoni kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Baadaye aligundua kwamba Sijilia haiulizi cheo kilichotoka mbali, kwa kuwa hakuna wa kumwuliza. Vyeo vya majirani ndivyo vinavyohitaji mashahidi saba.

Akapelekwa kufikia kwa Bi Nyamvula, mama wa makamo aliyeishi peke yake katika mtaa wa chini, au ndivyo Ngwali alivyodhani, kwani alipokaribishwa chakula cha mchana aliona sahani tatu juu ya mkeka.

"Tunamngoja mtu, mama?"

"Binti yangu Mboni," alisema Bi Nyamvula. "Yuko kisimani. Wewe kula, baba, usingoje."

Ngwali akala, akasimulia. Alisimulia jinsi alivyowashinda malenga saba wa pwani katika shindano la siku tatu, wa saba akavunja zeze lake kwa hasira. Bi Nyamvula alisikiliza vizuri, akicheka mahali pa kucheka. Jirani mmoja akapita mlangoni, akainamisha kichwa kidogo.

"Mboni hajambo?"

"Hajambo. Yuko kisimani."

"Mpe salamu zangu," alisema jirani, kwa sauti ya chini kuliko inavyohitajika kwa salamu, akaenda zake. Sahani ya tatu ilikaa na wali wake hadi ukapoa. Ngwali alimhukumu yule binti kimoyomoyo kuwa mzururaji.

Siku zilizofuata alizunguka mji akitazama mambo ya watu wale, na hakuacha kushangaa. Ngozi ya mwaka ilikuwa imewambwa uwanjani, chini ya paa la makuti, na yeyote aliruhusiwa kuisoma. Aliona kwamba nyota yenye mkia ilionekana siku ishirini juu ya milima ya mashariki. Aliona kwamba mwana wa mfalme mmoja alimtoboa baba yake macho, kisha akajenga nyumba ya ibada ili kushukuru. Majemadari wawili walipigania daraja siku tisa, daraja likaanguka, na wote wawili wakatangaza ushindi. Watawa wa kisiwa chenye ukungu walibishana kuhusu siku ya sikukuu yao hadi siku yenyewe ikapita. Mstari wa nne ulisema kwamba Mwenye Taji la Shaba, bwana wa magharibi, ameuawa kwa mshale. Mstari wa tisa ulisema kwamba Mtawala wa Mji wa Minara Tisa ameanguka kutoka juu ya farasi na kufa.

Kuhusu Sijilia yenyewe hapakuwa na neno hata moja. Ngwali aliliona hilo, na aliona pia kwamba kuta za mtaa wa chini zilikuwa na alama ya tope iliyokauka, juu kuliko kimo cha mtu.

"Mlipatwa na mafuriko?" alimwuliza Shambe.

"Mafuriko gani?" alijibu Shambe, akakaza macho kwenye kalamu yake.

Palikuwa na desturi nyingine. Watu wa Sijilia hawaruhusiwi kulia ovyo. Anayelia bila tukio hufungwa kitambaa mdomoni akaketishwa sokoni kutwa. Lakini anapokufa mfalme, hata kama ni wa nchi ambayo hakuna aliyeiona, Baraza hutangaza siku tatu za kilio, na watu hutandika mikeka barabarani wakalia. Ngwali alisimuliwa jinsi walivyomlilia Mwenye Taji la Shaba. Wanaume wazima walibebwa. Mama mmoja alizimia mara mbili.

"Mnawapenda sana wafalme wa watu," alimwambia Bi Nyamvula, akitabasamu.

Bi Nyamvula alikuwa ameketi uani, akipiga pindo kwenye kaniki, nguo nyeusi ya kilio. Alishona kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeshona nguo ya arusi. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mgeni mwingine amefika na kifo kingine, cha mfalme aitwaye Baba wa Farasi Elfu, na kwamba kesho Baraza litakithibitisha.

"Huyu," alisema Bi Nyamvula, akakata uzi kwa meno, "nimemngoja miezi mitano."

"Ulikuwa unamjua?"

"Simjui hata kwa sura. Mungu amrehemu."

Ngwali akacheka. Aliona ni upumbavu mtamu, akauweka akilini autungie ubeti.

Baraza lilikutana asubuhi katika jumba refu lenye milango miwili, na watu walijaa nje, kila mmoja na mkeka wake kwapani. Mkuu wa Ngozi, Mwinyi Tambaza, alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti nyembamba, na kushoto kwake palikuwa na kigoda kitupu ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Ngwali alidhani ni kigoda cha heshima.

Shambe akasoma: "Baba wa Farasi Elfu, bwana wa nyanda, amekufa kwa mwiba wa samaki."

Hapo ndipo Ngwali aliposimama. Hakuitwa, wala hakuombwa. Lakini kosa lilikuwa limelala mbele yake wazi, na yeye hakuwa mtu wa kuliruka kosa la mwenzake.

"Mabwana," alisema, "huyo mmekwisha kumwua mara mbili."

Mwinyi Tambaza akamtazama. "Eleza, mgeni."

"Nilikuwa bandarini kwake siku aliyozikwa. Taji lililowekwa juu ya jeneza lilikuwa la shaba. Mji wake una minara tisa, niliihesabu mwenyewe. Na farasi wake walipita mbele ya maiti tangu alfajiri hadi jua likawa utosini. Mwenye Taji, Mtawala wa Minara, na Baba wa Farasi ni mtu mmoja. Watu watatu wamekuja kwenu kutoka njia tatu, kila mmoja akamwita kwa kile alichokiona kwanza."

"Na alikufa kwa lipi katika hayo matatu?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Kwa mwiba wa samaki."

Baraza lilisononeka. Hakuna aliyependa kuona mshale ukishindwa na mwiba. Mjumbe mmoja akasema huenda mfalme alifufuka kati ya kifo na kifo. Wa pili akasema mfalme mkubwa anaweza kuwa na vifo zaidi ya kimoja, kama alivyo na wake zaidi ya mmoja. Wa tatu akauliza kama farasi angeweza kumwangusha mtu ambaye tayari ana mshale. Ngwali aliwajibu mmoja baada ya mwingine, na kila alipojibu sauti yake ilizidi kung'aa, kwani alipenda kuwa sahihi kama wengine wanavyopenda asali. Mwinyi Tambaza peke yake hakubisha. Alikuwa akimtazama yule kijana kwa macho ya mtu anayeona nguo yake ikichukuliwa na maji.

"Yapo mengine, mgeni?" aliuliza mzee mwishoni. "Au ungependa kuyaacha hapo?"

"Kweli haiachwi hapo, Mwinyi. Kweli huenda hadi mwisho."

Basi wakaamua. Yaliyokwisha kuandikwa hayakwanguliwi, kwa hiyo vifo viwili vya kwanza vibaki. Cha tatu kimekataliwa, na kilio chake hakipo. Na tangu siku hiyo hakuna kifo cha mfalme kitakachoingia kwenye ngozi asipopatikana shahidi aliyeuona mwili kwa macho yake.

Ngwali alitoka nje akitarajia vigelegele. Hakusikia kitu. Watu walikuwa wanakunja mikeka yao taratibu. Mwanamume mmoja, mpana kama mlango, alishindwa kuukunja wake, akabaki ameushika upande mmoja huku mwingine ukiburuta chini.

Nyumbani, jua lilikuwa bado juu. Bi Nyamvula alikuwa ameikunja ile kaniki, ameiweka juu ya sanduku. Sahani zilikuwa tatu.

"Ulichosema barazani ni kweli, mwanangu?"

"Kweli tupu, mama."

"Basi kweli haina kosa. Kula."

Lakini chakula hakikushuka. Ngwali aliitazama sahani ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari.

"Mboni atarudi lini kutoka kisimani?"

Bi Nyamvula alikwenda kufunga mlango. Akarudi, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto, akampeleka kwenye pembe ya ua. Chini ya kipande cha jamvi palikuwa na chungu kibichi, kimekauka bila kuchomwa, ukingo wake haujamalizika. Kwenye ukingo huo palikuwa na alama ya kidole gumba, ndogo, mistari yake yote ikionekana.

"Alikuwa mfinyanzi," alinong'ona. "Alikiacha asubuhi, akasema kichwa kinamgonga, atakimalizia jioni. Ilikuwa ile homa iliyofuata maji."

"Maji gani?"

"Yale ambayo hayakutukia."

Ngwali akageuka kuitazama alama ya tope ukutani.

"Wakati huo wafalme wawili walikuwa wamekwisha kuliliwa. Nikajiambia, haidhuru, mwaka ni mrefu, watakufa wengine. Mwanangu, mimi sijawahi kumtakia mtu mabaya. Lakini mwaka huu nimewaombea wafalme vifo kama watu wanavyoomba mvua." Alifunika chungu. "Ulidhani tulikuwa tunamlilia nani, siku zile? Yule mama aliyezimia mara mbili ana watoto pacha kaburini. Kila mtu huja na wake. Jina la mfalme ni mlango tu, sote tunapita humo."

"Na mwakani? Mwakani watakufa wafalme wengine."

"Kilio cha mwaka ni cha wafu wa mwaka. Kesho adhuhuri ngozi inakunjwa. Asiyeanza kuliliwa kufikia hapo ndiyo basi, hakufa. Nitamtengea sahani, watu wataniuliza hajambo, nitasema hajambo. Mpaka nami niende kisimani."

"Kwa nini hukuniambia, mama?" Sauti yake ilipanda. "Siku nne nimekula hapa!"

"Nilikuambia yuko kisimani. Kisima chetu kimefukiwa na tope tangu masika, baba. Umekipita kila siku ukienda uwanjani." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anavyoelekezwa mgeni njia. "Hukuuliza, kwa sababu ulikuwa unasimulia."

Ngwali alikaa uani hadi kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni. Alikuwa na mstari mmoja. Kwa ajili yake alikuwa ametunga beti ishirini kuhusu ushindi wake, akazichuja hadi zikawa kumi, akazichuja hadi zikawa mbili, akazikaza hadi zikaenea mstari mmoja wa ngozi bila kupoteza vina. Hakuna mtu katika pwani nzima ambaye angeweza kufanya vile. Aliwaza kuleta kifo cha mfalme mwingine yeyote, wa uongo, wa mbali. Kisha akakumbuka amri ya asubuhi, kwamba lazima awepo aliyeuona mwili, na kwamba amri ile ilizaliwa kinywani mwake mwenyewe.

Mwili. Aliurudia moyoni mara nyingi. Wangeupata wapi mwili wa mfalme kabla ya adhuhuri?

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka jumba lilijaa tena, safari hii bila mikeka. Palibaki nafasi ya mstari mmoja chini kabisa ya ngozi. Shambe akapiga meza.

"Mstari wa mgeni! Ngwali wa Ukunguni, mfalme wa tungo, aliahidi jambo kuu kwa Baraza. Na aseme."

Ngwali akasimama.

"Mfalme wa tungo amekufa," alisema.

Shambe alianza kuandika, akasita. "Yupi?"

"Huyo uliyemwandika langoni kwa mkono wako. Cheo hukukikataa siku ile, huwezi kukikataa leo."

"Lakini ni wewe!"

"Ni mimi. Baraza limetaka shahidi aliyeuona mwili. Mimi nimeuona. Nanyi mnauona. Lini mliwahi kuletewa mwili wa mfalme karibu hivi?"

Kelele zilizuka. Mjumbe mmoja akasimama, mkono juu. "Maiti hasemi!"

"Mfalme wa Minara alikufa kwenye mstari wa nne, akapanda farasi, akafa tena kwenye mstari wa tisa, nanyi mkamwacha. Mimi nimesema tu, bwana. Farasi sijapanda."

Mtu akacheka nje, wa pili akafuatia. Wajumbe wakatafuta sheria inayomkataza maiti kusema. Walifungua sanduku la sheria, wakaona ile inayomkataza mbuzi kuingia barazani, na ile inayopanga nani aanze kukohoa kikao kikiwa kirefu, lakini ya maiti hawakuiona. Mwinyi Tambaza aliwaacha watafute. Kisha akainua mkono.

"Njoo karibu, kijana."

Ngwali akasogea.

"Unajua unachokiomba? Aliyeandikwa amekufa hafutiki. Hutatunga tena katika nchi hii, wala tungo yako haitasomwa hapa, sasa wala baada yetu, kwa sababu marehemu hana ulimi. Nasikia ulikuja na ushindi mkubwa. Mstari ni mmoja. Ukiingia huu, ushindi wako haukutukia."

Beti zake zilikuwa zimejipanga kifuani kama watoto waliovishwa nguo za sikukuu, wakingoja kutolewa nje. Alihisi zote zikimtazama. Aliwahi kupigwa mawe katika mji mmoja kwa sababu ya ubeti aliokataa kuubadilisha neno moja. Alifumbua kinywa, akakifumba, akakifumbua tena.

"Andikeni kwamba hakuacha tungo," alisema.

Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umelala juu ya kile kigoda kitupu, kama unavyolala juu ya bega la mtu, na Ngwali akaona kwamba mbao zake zilikuwa zimelainika mahali pale, na kwamba juu yake palikuwa na kitana cha mwanamke.

"Amekufa kwa nini?" aliuliza Mwinyi Tambaza, kwa upole.

"Kwa mwiba," alisema Ngwali. "Umemkaa kooni tangu jana."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, mara moja, na macho yake yakawa tayari yamejaa. "Siku tatu," alimwambia Shambe. "Andika upesi, jua linapanda."

Shambe akaandika. Herufi ya mwisho ilikuwa haijakauka alipoiweka kalamu chini, akauinamia mkono wake mnene wenye wino, akaanza kulia. Aliita jina ambalo Ngwali hakulipata vizuri. Lilikuwa jina fupi, la mtoto.

Watu walikimbilia nyumbani kuchukua mikeka.

Ngwali hajapata kusimulia kwa ukamilifu mambo ya siku tatu zile, na huenda ni kwa sababu yalikuwa mambo ya kwanza maishani mwake aliyoyasikiliza bila kuyakatiza. Alikaa kwenye pembe ya mkeka wa Bi Nyamvula. Waliopita walimkwepa kwa adabu, wakisema, "Tuwie radhi, marehemu." Pande zote waliita, "Ewe mfalme wa tungo!" kisha, bila kuvuta pumzi, wakaendelea na yaliyowaleta: ewe mume wangu uliyerudi kumfungua ng'ombe maji yakiwa kiunoni; ewe mama, nilikuacha juu ya paa nikasema narudi; ewe kitukuu ambaye hata jina tulikuwa hatujakupa. Yule mwanamume mpana kama mlango hakusema neno lolote. Alilia tu, akishika kiatu kimoja kidogo. Na mafuriko ambayo hayakutukia yalipita tena mtaani, nyumba kwa nyumba, yakitajwa.

Bi Nyamvula alikuwa amejifunga ile kaniki. Siku ya kwanza aliita jina la bintiye basi, tena na tena, kama mtu anayejaribu ufunguo. Siku ya pili alimsimulia: alivyokuwa akiimba vibaya, alivyoshona kwa mkono wa kushoto, alivyomficha paka chumbani mwezi mzima. Siku ya tatu hakusema sana.

Mwanzoni Ngwali, aliyekuwa mtu mwenye fahari, alitega sikio asikie kama kuna hata mmoja anayemlilia mfalme mwenyewe. Hapakuwa na yeyote. Siku ya pili aliacha kutega.

Adhuhuri ya siku ya tatu Bi Nyamvula aliinuka, akanawa uso, akaingia ndani. Alitoka na sahani ya Mboni. Aliifuta kwa upindo wa kaniki, pande zote mbili, bila haraka, akaifudikiza juu ya ardhi, chini ya chungu chenye alama ya kidole. Jirani alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kinywa kwa mazoea ya miezi mitano, kisha akakumbuka.

"Poleni, mama," alisema. Lilikuwa neno la kawaida, lakini lilikuwa limengojwa sana, na Bi Nyamvula alilipokea kwa mikono yote miwili kifuani.

"Tumekwisha poa, mwanangu."

Akamgeukia Ngwali, aliyekuwa ameshika fimbo yake tayari kwa safari, kwani marehemu hana ruhusa ya kukaa mjini baada ya kilio.

"Na wewe nimekulilia," alimwambia. "Leo asubuhi, mwishoni. Kidogo tu, usije ukavimba kichwa."

"Mimi niko hai, mama. Umenililia nini?"

"Zile beti ulizomeza. Nazo zilikuwa na mwenyewe." Akampapasa shavu kwa kiganja kilichokuwa bado na harufu ya majivu ya jikoni. "Keti ule kwanza. Njia ni ndefu hata kwa mfu."

Ngwali akaketi. Alikuwa na jibu, tena zuri, lenye vina, lakini alilirudisha lilikotoka. Bi Nyamvula akapakua wali, akasogeza mchuzi, akaketi naye mkabala.

Sahani zilikuwa mbili.